Nitemee Mate

Kazi yangu ilikuwa kukusanya mate. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, na wakishamaliza kucheka wanauliza kama nilisomea. Nilisomea, na cheti ninacho. Ofisi yetu ilikuwa Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati, na tulichokuwa tukitafuta ni homoni moja tu inayoitwa kotisoli, ile ambayo mwili huitoa mtu anapokuwa na hofu au shida. Zamani ili uipime ilikubidi umchome mtu sindano. Siku hizi inasomwa kwenye mate, kwenye mkojo, hata kwenye nywele, na mtu hapotezi tone la damu. Tuliowalenga ni akina mama wazee wanaoishi peke yao, kuanzia Kisian kwenda mbele, vijiji vya kando ya ziwa.

Nywele zilitushinda wiki ya kwanza. Tulikuwa tumeelezwa kwamba unywele huhifadhi habari za mwili kadiri unavyokua, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukikata kidogo karibu na ngozi unaweza kusoma jinsi mtu alivyoishi msimu mzima. Mpango mzuri, ila aliyeutunga hakuwa na bibi huku kwetu. Ni mzee gani atakayemwacha mgeni aondoke na nywele zake ndani ya bahasha? Mmoja aliniuliza kwa upole kama siku hizi wachawi wanavaa vitambulisho shingoni. Mwingine alikubali, akafungua kitambaa, na kichwa kilikuwa kipara kabisa. Alikuwa amemzika mwanawe wiki iliyotangulia na amenyolewa pamoja na familia nzima, kama desturi inavyotaka. Msimu wote wa kumuuguza yule mwana ulikuwa umenyolewa na kutupwa, na mimi nimesimama pale na mkasi.

Mkojo nao ulitakiwa ukusanywe siku nzima kwenye dumu. Dumu jipya lenye kifuniko kizima ni kitu cha maana nyumbani. Nilimwachia mama mmoja dumu Jumatatu, niliporudi Jumanne nikakuta amelimwaga, amelisuuza kwa majivu, na analitumia kuchotea maji. Alinishukuru sana kwa zawadi. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Basi yakabaki mate. Kazi yenyewe ni rahisi, ila inataka utii. Unatema mara nne kwa siku: unapoamka kabla hujainuka kitandani, nusu saa baadaye, adhuhuri, na unapoenda kulala. Kabla ya kutema hunywi chai, huli, hupigi mswaki, maana damu kidogo tu ya ufizi inaharibu kipimo. Na hutemi kwa nguvu. Unainamisha kichwa, unaacha mate yajikusanye chini ya ulimi, kisha unayaachia yateleze kwenye kichupa kupitia mrija mfupi. Unaandika saa, unaweka kichupa kwenye kisanduku cha barafu. Kila kichupa kina fomu yake.

Kabla hatujarudi vijijini na vichupa, msimamizi wetu aliagiza kila mfanyakazi ajipime mwenyewe siku tatu, ili tuujue usumbufu tunaoenda kuwapelekea wenzetu. Nikajipima Ijumaa mpaka Jumapili, chumbani kwangu, hapo hapo Nyamasaria. Kutema hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni swali la tatu kwenye fomu: Umeongea na watu wangapi tangu uamke? Jumamosi asubuhi niliandika sifuri. Adhuhuri sifuri. Usiku nikaandika mmoja, yule muuza maji wa mkokoteni, ingawa tulichosemezana ni "mbili" na "weka hapo". Jumapili sikwenda kanisani, nikijidanganya kwamba ni kwa sababu ya ratiba ya mate, nikaandika sifuri mara nne. Ile ya nne ilinitia hasira. Nilitaka kumjua aliyetunga swali lile, nimuulize yeye ameongea na wangapi.

Majibu yalipotoka, mtaalamu wetu wa maabara aliniita dirishani. Ni mtu mpole, asiyependa maneno mengi, mwenye tabia ya kushika karatasi kwa ncha za vidole. Alinionyesha mistari ya wenzangu. Kotisoli ya mtu huwa juu asubuhi, hupanda zaidi muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka polepole hadi usiku. Mistari yao yote ilikuwa kilima na mteremko. Wangu ulikuwa umelala.

"Hii yako ni Kano tupu," alisema. Alimaanisha zile tambarare zinazoanzia nyuma ya ofisi yetu, ambako mvua ikinyesha maji hayajui yaende wapi. "Pengine ulikosea saa."

"Sikukosea saa."

"Ama ulikuwa mgonjwa."

"Sikuwa mgonjwa."

"Unaishi na nani?"

"Na friji."

Alicheka, halafu akaacha. Aliniambia siku tatu si hukumu, na mstari hausemi mtu ana shida gani, unasema tu kwamba mwili umechoka kupanda na kushuka. Nikamwambia autupe. Akasema ya wafanyakazi hayaingii kwenye utafiti hata hivyo. Nilirudi kwenye meza yangu nikapanga vichupa kwa rangi za vifuniko, kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Sikuhitaji mashine kuniambia nilikotoka mpaka nikafika hapo. Miaka kumi na mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeondoka nyumbani, karibu na Bondo, kwenda kuishi na mwanamume ambaye watu wake hawakuwa wamefika kwetu hata kunywa chai. Lazima nieleze jambo hapa kwa wasiotujua sisi Wajaluo. Kwetu mzazi akitaka kukubariki hukutemea mate. Si mate ya dharau. Ni kurushia tu, "thu!", kwenye paji la uso au kifuani, yakifuatwa na maneno mazuri. Ukienda safari, ukienda kuolewa, ukipata kazi ya mbali, unainama na kutemewa. Watu wa kanisa wanasema ni mambo ya zamani, kisha wanafunga mlango na kuyafanya. Mama yangu, mwenye kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, alimtemea kaka yangu hadharani, pale langoni, alipokuwa akienda chuo cha ualimu. Kaka alipogeuka nikaona paji lake la uso linang'aa, na alikataa kulifuta.

Mimi nilipofunga mzigo wangu, mama alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Watu wake siwajui," alisema. "Nenda, mguu ni wako. Mate yangu sikupi."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na mdomo mrefu kuliko akili. Nikamjibu kwamba mate ninayo yangu mwenyewe.

Ndoa haikufika miaka mitano. Nilirudi Kisumu, sikurudi nyumbani. Hakuna aliyenipa pole, na sikuitafuta. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mama nami tulisalimiana kwa kutumiana watu. Halafu, miezi minne kabla ya kazi hii ya mate, akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Nilimtembelea hospitalini mara moja, nikamkuta amelala, nami nikashukuru kwamba amelala. Nilisimama miguuni pa kitanda nusu saa, kisha nikaondoka kabla hajafumbua macho. Hilo ni jambo ninaloliona aibu mpaka leo.

Sasa turudi vijijini. Mbele kidogo ya Kisian, ukiiacha barabara ya Busia na kushuka kuelekea ziwani, palikuwa na mama mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa. Nilimfikia asubuhi moja akimenya viazi vitamu kwenye kivuli cha jiko lake. Fomu zetu zilikuwa za Kiswahili, na tuliagizwa tuzisome kama zilivyo ili kila mtu aulizwe sawasawa, hata kama nyote wawili ni Wajaluo na mnaonekana wajinga. Fomu ilisema: "Tafadhali tema mate kwenye kichupa." Nikaona ni utovu wa adabu kumwambia mtu wa umri ule "tema", kama mtoto aliyeokota kitu kichafu. Nikalainisha.

"Mama," nilisema, "naomba unitemee mate."

Kisu kikasimama. "Unaenda wapi?"

"Siendi mahali, mama. Ni hii kazi tu."

"Bwana yako iko wapi?"

"Hakuna."

"Watoto?"

"Hakuna, mama."

"Uuwi." Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye leso. "Na umekuja kwa mimi. Kuja hapa, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Nilikuwa bado nafungua kisanduku cha barafu aliponishika bega kwa mkono mmoja, akanivuta, na "thu!" kwenye paji la uso. "Thu!" ya pili kifuani, juu ya kitambulisho. Kisha akasema kwa Kijaluo, haraka, macho ameyafumba, kwamba njia yangu iwe wazi, chakula changu kisiliwe na mtu mmoja, na mlangoni kwangu pajae viatu vya watu. Mate yaliteremka kando ya pua yangu. Sikuyafuta. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo mtu alikuwa amenigusa uso. Nililia pale mbele ya viazi, mtu mzima mwenye cheti, na yule mama akaendelea kunishika bega kana kwamba ndilo jambo alilopanga kufanya asubuhi ile.

Watu wa ofisini waliposikia walisema ni kosa la lugha. Kweli, "nitemee" ni neno lenye milango miwili. Lakini mimi ni Mjaluo, nimezaliwa Mjaluo, na nilijua mzee wa kwetu atasikia nini akiombwa mate na msichana asiye na mtu. Hadi leo siwezi kuapa kwamba ulimi wangu ulikosea.

"Mama yako iko?" aliniuliza nilipotulia.

"Yuko. Lakini hawezi kuongea. Ni kiharusi."

"Kwani mate inataka kuongea? Mate inataka mdomo tu." Akaokota kisu chake. "Hii yangu ni ya barabara. Enda uchukue ya nyumbani, mapema."

Nilijaribu tena kumpatia kichupa. Akakikagua, akanirudishia. Alisema leo amemaliza, nije siku nyingine. Kwenye fomu, pale penye "sababu ya kukosa sampuli", niliandika ukweli: mate yametumika. Msimamizi aliniita. "Yametumika wapi?" aliuliza. Nilimwonyesha paji la uso. Alikata maneno yangu kwa kalamu nyekundu, akaandika "hakupatikana nyumbani".

Ungefikiri nilikwenda Bondo kesho yake. Sikwenda. Nilikuwa na sababu, na nilizipanga vizuri kama vichupa. Kwamba wikendi nina fomu za kujaza. Kwamba kaka yangu hatanisemesha. Ukweli ni kwamba niliogopa, nikaogopa vibaya. Maadamu sijamwomba, hajakataa. Nilichotaka duniani kilikuwa kimebaki kimoja, tone moja la mate ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa anaisha. Nilikuwa nikiamka, natazama dari, natafuta ndani yangu kile kilima ambacho wenzangu wanacho, kile cha asubuhi kinachomwambia mtu inuka. Sikikuti. Nainuka hivyo hivyo.

Wiki tatu baadaye wifi yangu, mke wa kaka, alinipigia simu. Ndiye aliyekuwa akimuuguza mama. Alisema mama ameacha kumeza. Uji unaingia na kutoka kwenye kona ya mdomo, maji vivyo hivyo, tangu juzi. Muuguzi wa zahanati alikuwa amepita na kusema wakingoja mpaka kesho bila kumeza itabidi arudishwe hospitali, awekewe mpira wa puani, na katika hali aliyokuwa nayo hawezi kuahidi kama atarudi. "Wewe kuja tu, sista," alisema. "Hata kama nyinyi mna maneno yenu."

Nilifika Jumamosi kabla ya saa sita. Mkono mtupu haulambwi, nikabeba unga wa wimbi, sukari na sabuni. Kaka yangu alikuwa zizini. Aliinua mkono kutoka kule mbali, akaushusha. Wifi alinipokea mizigo, akanipeleka ndani. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha mbao, mito huku na huku, uso kuelekea mlangoni. Alikuwa mdogo. Midomo ilikuwa imepasuka. Jicho la kushoto liliniona nikiingia, likaniandama mpaka nilipopiga magoti, na safari hii hakuwa amelala.

Wifi alienda kutazama uji jikoni. Nikajua kwamba nisiposema sasa sitasema. Niliongea Kijaluo, lugha ambayo nilikuwa sijaitumia na mama kwa miaka kumi na mmoja, na sauti yangu ilitoka kama ya msichana.

"Mama, nimekuja. Siku ile nilisema mate ninayo yangu. Sikuwa nayo. Nitemee mate."

Jicho halikuondoka kwangu. Midomo ilisogea kidogo, ikashikana, ikaachana kwa sauti ndogo ya kitu kikavu. Hakuwa na mate. Niliona wazi, maana ndiyo kazi yangu: ulimi umekauka, ndani ya shavu pamekauka. Dawa za shinikizo la damu huwafanyia wazee wengi hivyo, na siku hizi bila kumeza maji zilikuwa zimemalizia. Na mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kukataliwa, sikuwa nimejiandaa kwa mdomo mkavu.

Kazini tuna mbinu. Mtu asipotoa mate tunamwambia afikirie embe bichi lenye chumvi na pilipili. Nikamwambia mama hivyo, nikamsimulia lile embe kipande kwa kipande, nikajisikia mjinga. Hakuna kitu. Mbinu ya pili tumekatazwa, kwa sababu ukali wake unaharibu kipimo: limau. Nyuma ya jiko la mama pana mlimau. Nikatoka, nikachuma moja, nikalikata kwa kisu cha wifi bila kumwambia la nini. Niliporudi nilipitisha kipande kwenye mdomo wa chini, polepole, kutoka upande ulio hai kwenda upande uliokufa. Uso wake ukakunjamana. Nilifurahi kuona uso wake ukikunjamana.

Kisha yakaja. Ninajua mdomo unavyojaa. Nimeutazama katika watu wengi. Shavu la kushoto lilitikisika, chini ya ulimi pakang'aa, mate yakapanda hadi kwenye ukingo wa mdomo, safi, mengi ya kutosha. Niliinamisha kichwa. Nikaweka paji la uso wangu mbele ya midomo yake, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake yenye harufu ya limau kwenye ngozi yangu. Nikafumba macho, nikangoja. Nilingoja kama ambavyo sijawahi kungojea kitu.

Nikasikia koo lake likifanya kazi. Sauti moja, ndogo, ya kwenda chini.

"Amemeza!" Wifi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Umeona? Amemeza!" Akatoka nje akipiga kelele kumwita kaka, akarudi, akapiga magoti kando yangu, akatia kijiko cha uji kwenye mdomo wa mama, na koo likashuka tena. Wifi akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa sauti. Kaka aliingia na gamubuti zake zenye samadi, akaangalia kijiko cha tatu kikienda, akaninyanyua kutoka sakafuni kwa mikono yote miwili. Tangu niondoke hakuwa ameniita dada. "Dada," alisema, "umetuokolea mama."

Nilimwambia ni limau tu. Nilicheka nao, na furaha ile ilikuwa ya kweli, sikuigiza. Mama alikuwa amefumbua mdomo akingojea kijiko kingine, jicho lake liko kwenye bakuli. Wifi alipogeuka kuniuliza mbona nimenyamaza, nilipitisha kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa kavu.